Marehemu Bado Anawajibu Mashabiki

Shekinah alikuwa amelala kifudifudi katikati ya rafu za jibini, mkono mmoja umezama ndani ya karai la maji ya chumvi.

Gauni alilovaa ni lile lile ambalo nusu ya Masisi ilikuwa imeliona jana kwenye simu. Sasa lilikuwa limeganda damu mabegani. Nyuma ya kichwa palikuwa pamebonyea.

Inspekta Euphrasie Tumukunde alichuchumaa. Akagusa shingo: baridi. Akajaribu kuukunja ule mkono mwingine: mgumu kama mpini.

"Amekufa tangu jana magharibi," alisema. "Kapigwa na kitu kizito, kutoka nyuma. Hakugeuka. Andika, Hilaire."

Brigadia Hilaire hakuandika. Macho yake yalikuwa kwenye simu.

"Hilaire! Maiti iko chini, si kwenye simu."

"Madame Inspekta, tazama hii kwanza."

Ulikuwa ukurasa wa Shekinah. Juu kabisa palikuwa na picha ya kijana mwembamba mwenye shati jeupe, anatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kumtumia mchumba. Chini yake maneno: *Huyu njo ameua Shekinah wenu. Anaitwa Marcellin wa Walikale. Mafan, musimuache avuke Kashebere.*

"Imewekwa lini?"

"Asubuhi hii. Mbele ya sisi kufika."

Euphrasie aliitazama simu iliyokuwa sakafuni kando ya maiti. Kioo kimepasuka, imezimika. Akamtazama Shekinah.

"Mwenye ukurasa yuko hapa, amekufa. Simu yake iko hapa, imekufa. Sasa ni nani anayeandika?"

Hilaire alimeza mate. "Kuko shida ingine. Bamotari, bale ba pikipiki, walimukamata Marcellin pale Nyabiondo. Bamemupiga sana. Wenzetu wamemunyang'anya, wamemufungia mu kasho yetu. Lakini bantu wamefuata. Bako na mipira ya gari na petroli."

Nyumba ya Papa Athanase Dusabimana, baba yake Shekinah, ilikuwa kwenye mlima unaotazama kituo cha polisi. Mlango wa ghala la jibini ukiwa wazi, kelele zilisikika kutoka bondeni. Hazikuwa kelele za msiba. Zilikuwa za watu wanaosubiri kitu.

Simu ya Euphrasie ililia. Alikuwa komanda.

"Inspekta, niko na polisi wachache na mulango wa mbao. Leta muuaji, ao uniambie kama huyu niko naye njo mwenyewe. Jua ikizama, sitaweza kuwazuia."

"Nimesikia."

Alikata. Alikuwa amezaliwa milima hii hii, katika nyumba ya maharagwe na muhogo, na katika kazi yake yote alikuwa ameshakusanya majivu ya mtu mmoja aliyechomwa bila kosa. Alikuwa ameapa kwamba hatakusanya ya pili.

Shekinah alikuwa mwimbaji. Sauti nzuri, uso mzuri zaidi. Lakini si hivyo vilivyomfanya apendwe kutoka Masisi mpaka Walikale, na mpaka kwa ndugu walioko ng'ambo. Alipendwa kwa sababu alijibu. Wasanii wengine ukiwaandikia, ni kama kumwandikia jiwe. Shekinah alikujibu. Mama aliyefiwa na mtoto alitumiwa vokale, ujumbe wa sauti, sauti ya upole inayomwita kwa jina. Mgonjwa aliulizwa kama amekunywa dawa. Watu walizihifadhi zile sauti kama Mkristo anavyohifadhi Zaburi.

Ndiyo maana leo walikuwa wamebeba petroli.

Euphrasie alilikagua ghala. Kila jibini mpya ilikuwa ndani ya umbo lake la mbao, na juu ya kila umbo palikuwa na jiwe la kuikandamiza itoe maji. Mawe yote yalikuwa na utando wa njano wa maziwa ya siku nyingi. Jiwe moja lilikuwa safi. Chumvi nyeupe ilikuwa imekaukia juu yake.

Alivaa glavu, akaligeuza. Ndani ya kishimo kidogo cha jiwe palikuwa na damu nyeusi, na unywele mmoja.

"Papa Athanase," aliita.

Mzee aliingia akishikilia ukuta. Ni yeye aliyeukuta mwili asubuhi, alipokuja kugeuza jibini zake.

"Pole sana, Papa. Nina swali moja. Ungeacha hii jiwe chini usiku mzima, jibini ingekuwaje?"

"Ingevimba. Ingeharibika."

"Na mugeni anajua hiyo?"

Mzee alitikisa kichwa. "Mugeni anaona mawe tu, mutoto yangu."

"Nani wanaingia humu?"

"Mimi. Shekinah, juu ya kurekodi, anasema humu sauti iko muzuri. Na Vestine, binti yangu mukubwa, ananisaidia kukamua na kukandamiza."

Mtu alikuwa ameua, akaliosha jiwe katika maji ya chumvi, kisha akalirudisha juu ya jibini ili isiharibike. Kijana wa msituni Walikale asingefanya hivyo. Hata aliyekuja kuiba asingefanya hivyo. Aliyefanya hivyo alikuwa mtu wa nyumba hii.

Alitoka nje, mzee akiwa ametangulia. Uani, kijana mmoja aliyevaa miwani ya jua alikuwa amemwelekezea Papa Athanase simu, anampiga picha za video akilia.

Euphrasie aliichomoa ile simu mkononi mwake.

"Weye ni nani?"

"Guy. Mimi njo nafanyaka video za Shekinah. Natoka Goma."

"Baba wa watu analia, weye unamupiga picha?"

"Mafan banataka kuona, Madame. Ni heshima kwa marehemu."

"Heshima! Sema tena hilo neno, nikuonyeshe mulango wa kasho. Jana magharibi ulikuwa wapi?"

"Masisi-centre, tulikuwa tunaangalia mupira. Bantu mingi waliniona. Uliza."

"Nitauliza. Picha ya Marcellin, weye uliiweka?"

"Hapana! Tangu asubuhi ukurasa umenikatala. Muntu amebadilisha modipasi, ile neno ya siri."

"Nani alikuwa nayo?"

"Mimi na Shekinah tu."

"Nani alikuwa anajibu mashabiki?"

"Si yeye mwenyewe?" Guy alisita. "Ao... mi sijue, Madame. Mimi naweka video tu. Shekinah hakuwa na moyo wa ile. Muntu akimusalimia mu njia anakunja uso. Nilikuwa namuuliza, 'Unajibu hawa bantu yote saa ngapi?' Anacheka tu."

"Nionyeshe ya jana."

Ilikuwa video ya moja kwa moja, iliyotazamwa na umati. Marcellin alikuwa amesimama uani, shati jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi la njia. Shekinah, aliyekuwa amejionyesha kwanza na gauni lake, sasa alikuwa nyuma ya simu, sauti kali, inacheka.

"Mafan, mwangalieni bwana yangu! Ametoka mu pori ya Walikale na pikipiki, eti mimi njo nilimwita! Kaka, ulikunywa nini?"

"Shekinah, ni mimi. Marcellin. Uliniambia nikuje uone uso yangu."

"Mimi? Na huu uso yako ya muhogo?"

Vicheko. Mioyo myekundu ikapanda kwenye kioo kama povu. Kijana aligeuka, machozi yakimtoka, akasema, "Mungu anaona. Utalipa." Kipande hicho, *utalipa*, ndicho watu walichokikata na kutumiana tangu asubuhi.

Lakini Euphrasie alikuwa ameona kitu kingine pembeni mwa picha. Mwanamke mwenye kitenge kilichopauka, amesimama na bidoni, dumu dogo la plastiki, mkononi, hacheki.

"Huyu ni nani?"

"Ule? Vestine, dada yake. Shekinah hakupendaka apite mbele ya camera. Alikuwa anamukalipia kila siku: 'Toka na ile matope yako!'"

Euphrasie aliweka simu ya Guy mfukoni mwake. "Hii inabaki kwangu. Ni ushahidi."

"Madame, na mafan..."

"Uniambie tena 'mafan'."

Guy alisogea kando.

Euphrasie na Hilaire walishuka kituoni kwa pikipiki, wakapitia mlango wa nyuma. Mbele, uwanja ulikuwa umejaa. Vijana, wanawake, hata waimbaji wa kwaya waliovaa sare zao. Wengi walikuwa wameinua simu, wakipiga picha za mlango, wasije wakakosa utakapovunjika.

"Mutupatie Marcellin!" walikuwa wakiimba, kwa wimbo wa Shekinah mwenyewe.

Marcellin alikuwa amekaa pembeni mwa kasho. Jicho moja lilikuwa limefunga. Alipomwona Euphrasie alijikunyata.

"Sikumugusa, Mama. Nilitoka pale nikalia mpaka Nyabiondo. Nililala kwa Pasta."

"Pasta amesema hivyo kwa simu. Ile picha yako ya shati mweupe, nani anayo?"

"Nilimutumia Shekinah peke yake. Haiko fasi ingine. Njo sababu sielewi... amekufa, na picha imetoka kwake."

"Fungua simu. Nataka kusikia alivyokuwa anakwambia."

Alisita, kama mtu anayeombwa avue nguo. Kisha akabonyeza.

Sauti ilijaza kasho lile lenye unyevu. Ilikuwa ya Shekinah, na haikuwa ya Shekinah. Ile ya kwenye video ilikuwa wembe. Hii ilikuwa maziwa ya moto.

"Marcellin, kaka yangu. Leo mikono inaniuma, tumelima maharagwe tangu asubuhi, jembe imenitoa malengelenge. Lakini nimekukumbuka. Tangu muzike mama yako, hauniambie kama unakula. Umekula? Usilale na njaa, mama hatafurahi kule aliko."

Marcellin alikuwa analia kimya. "Mama yangu alipokufa, muntu wa kunipigia hakukuwa. Ni yeye tu."

Euphrasie aliusikiliza tena ujumbe ule. *Jembe imenitoa malengelenge.* Alizikumbuka kucha alizoziona asubuhi ndani ya karai, ndefu, nyekundu.

"Hilaire, Shekinah alishika jembe lini?"

"Shekinah? Na zile kucha?" Hilaire aliguna. "Pengine mbele ya kubatizwa."

"Marcellin, ulipofika jana, nani alikupokea?"

"Mama mumoja wa kazi, alikuwa pa mulango. Nilimupatia bidoni ya asali amushikie Shekinah."

"Alikwambia nini?"

"Alinisalimia. 'Karibu, pole ya safari.' Sikumuangalia sana. Nilikuwa namutafuta Shekinah na macho."

"Alikuita kwa jina?"

Kijana alifungua mdomo, akaufunga. "Eeh. Alisema, 'Karibu, Marcellin.' Nilifikiri Shekinah amewaambia bantu ya nyumba."

Jiwe lilipiga bati juu ya vichwa vyao. La pili likafuata. Marcellin aliingiza kichwa katikati ya magoti.

"Mama Inspekta, mulango ikianguka, unipige risasi weye. Tafazali. Moto hapana."

Euphrasie alimwita Hilaire, wakarudi kwenye pikipiki.

Mlimani, wanawake wa kanisa walikuwa wameketi mbele ya jiko wakichambua maharagwe ya waombolezaji. Majembe yao yalikuwa yameegeshwa ukutani. Walipomwona Inspekta walisogea akapata nafasi. Naye akaketi, akachukua kiganja cha maharagwe, akaanza kuchambua nao. Hakukuwa na muda, lakini alijua kwamba ukisimama mbele ya wamama hawa na daftari, watakuambia amina tu.

"Asubuhi kelele zilipopigwa, mulikuwa wapi?"

"Ku shamba, pale chini," alisema Mama Bibiche, mwanamke mnene mwenye mdomo usiolala. "Tunalima pamoja, wamama wa kanisa. Leo ilikuwa zamu ya shamba ya hapa kwa Athanase. Tulikuwa tumelima nusu, tukasikia muzee analia."

"Na Vestine alikuwa nanyi?"

"Si shamba ni yao? Alikuwa wa kwanza kufika!" Mama Bibiche aliguna. "Lakini kulima? Hee! Alikuwa ananyofoa majani na mikono, kama kuku. Sisi tunatoka jasho, yeye anachokora. Nikamwambia, 'Vestine, na weye umekuwa vedeti kama dada yako? Unaogopa jembe itavunja kucha?' Wamama walicheka!"

"Hakuwa na jembe?"

"Alikuwa nayo. Aliilaza mu majani. Hakuiinua hata..."

Punje za maharagwe zilimponyoka Mama Bibiche kiganjani.

Kwenye milima hii, mtoto hafundishwi hilo kanisani wala shuleni. Analijua kama anavyojua kuvuta pumzi. Wa kwenu akiwa amekufa na hajazikwa, hupigi jembe ardhini. Udongo unamsubiri yeye kwanza. Ndiyo maana majembe yote yalikuwa yameegeshwa ukutani tangu Papa Athanase alipopiga kelele.

Lakini Vestine alikuwa ameliweka chini kabla ya kelele.

Wamama walitazamana. Mmoja wao aligeuza macho kuelekea mlango wa jiko.

Vestine alikuwa ndani ya jiko, akikoroga sufuria kubwa ya foufou, ugali wa muhogo. Mwanamke mrefu, mwenye uso wa dada yake ulioachwa juani. Katika mkunjo wa kitenge chake, kiunoni, kitu kilikuwa kinatikisika, kinanyamaza, kinatikisika tena.

"Dada Vestine, simu yako inakuita."

"Ni bantu ya pole tu."

"Ilete."

"Mikono iko na unga, Madame."

"Hilaire, ichukue."

Vestine alirudi nyuma hatua moja, mwiko mkononi. Kisha akauacha uanguke. Hilaire akaichukua simu. Ilikuwa nzee, imefungwa kwa mpira. Kioo kilikuwa kimejaa ujumbe, mmoja juu ya mwingine, wote kwa Shekinah.

"Leo asubuhi ulienda shambani," alisema Euphrasie. "Kwa nini hukulima?"

"Mugongo iliniuma."

"Mgongo ukiuma, mtu hainami asubuhi nzima kung'oa majani kwa mikono."

Vestine aliokota mwiko.

"Ulienda pale ili wamama wakuone. Ulitaka waseme, Vestine alikuwa na sisi, hajui kitu. Ulibeba na jembe. Lakini ulipolishika, ulijua nani amelala katika ghala, na mkono ukakatala."

Vestine aliufuta mwiko kwa kitenge.

"Sema! Kule chini kuna mtu anaomba nimpige risasi ili asichomwe. Ulimjua vizuri kuliko watu wote. Ulimuuliza kama amekula!"

Vestine aliinua macho. Hayakuwa na machozi. Yalikuwa yanawaka.

"Ndiyo, nilimuuliza! Mimi! Mwaka muzima, mimi! Shekinah alinitupia hii simu, akasema, 'Jibu wale bantu yako maskini, sauti yetu ni moja, mimi wananichokesha.' Nikatoka shamba, nikajibu. Nikakamua, nikajibu. Nilijua watoto yao majina. Nani amefiwa, nani amefukuzwa na bwana. Walikuwa wanapenda Shekinah? Uongo! Walikuwa wananipenda mimi, na hawanijue!"

"Na Marcellin?"

Sauti ilishuka. "Marcellin nilimwambia akuje. Nilisema, akifika, akisikia sauti yangu, atajua. Nilioga. Nilisimama pa mulango tangu asubuhi. Akashuka ku pikipiki. Nikamwambia, 'Karibu, Marcellin, pole ya safari.'" Alicheka, kicheko kibaya. "Akaniita mama. Akanipatia bidoni nishike. Akapita. Sauti iliyomulaza mwaka muzima, nikamupigia mu masikio, akapita kama ni mbuzi amelia."

"Halafu Shekinah akamcheka."

"Akamucheka mbele ya dunia yote. Magharibi nilimufuata kwenye ghala. Nikamwambia, 'Mwombe kaka ule masamaha.' Akasema, 'Masamaha? Ni weye ulimudanganya. Kesho naingia mu direct mbele ya mafan, nitawasikilizisha vokale zako yote. Masisi muzima icheke kikongwe wa matope mwenye anatafuta bwana na sauti ya dada yake.' Akageuka, akaendelea kujipaka rangi ya midomo. Jiwe ilikuwa pale."

"Na ukalirudisha."

"Jibini ya Papa ingeharibika," alisema Vestine, kana kwamba ndilo jambo lililo wazi kuliko yote.

Kwenye mlango wa jiko alikuwa amesimama Papa Athanase. Hakuna aliyejua amefika lini.

"Jana tulikula pamoja," alisema polepole. "Nikauliza, Shekinah iko wapi? Ukasema, anarekodi, tusimusumbue. Ukaniongeza mboga."

Vestine aliziba uso. Mzee aligeuka, akaenda zake kuelekea ghala, akiwa hana tena mtoto wa kumshika mkono.

"Kwa nini picha ya Marcellin?" aliuliza Euphrasie. "Ungeweza kunyamaza."

"Hakunijua," alijibu Vestine kutoka nyuma ya viganja vyake. "Mwaka muzima, na hakunijua. Nilisema, basi naye wamuone."

Kutoka bondeni mlio mkubwa ulipanda, wa mbao zinazopasuka.

Euphrasie alimshika Vestine mkono, akamwekea ile simu nzee mdomoni. Akafungua ukurasa wa Shekinah, akabonyeza sehemu ya kurekodi sauti.

"Weye uliwasha. Zima. Hawatanisikiliza mimi wala komanda. Hao wanasikiliza sauti moja tu."

"Watanichoma mimi."

"Hawatakufikia. Hilaire atakupeleka Goma sasa hivi. Ongea!"

Vestine alilamba midomo. Kisha akaongea, na ile sauti ya maziwa ya moto ikatoka.

"Mafan wangu, ni mimi. Hii sauti munaijua. Lakini mimi si Shekinah. Mimi naitwa Vestine, dada yake. Mulipofiwa, mulipougua, ni mimi nilikuwa najibu. Shekinah amekufa na mukono yangu. Marcellin hakufanya kitu. Mumuache."

Hilaire alimfunga pingu. Gari la polisi lililobaki uani liliwachukua, likashika barabara ya Sake kuelekea Goma bila kupitia sokoni. Euphrasie alishuka kituoni peke yake.

Alikuta uwanja umenyamaza. Ujumbe ulikuwa unafunguka simu hadi simu, na sauti ile ile ilikuwa inatoka kila mahali, inagongana yenyewe kwa yenyewe. Mlango wa kituo ulikuwa umepasuka katikati. Mama mmoja wa kwaya alikuwa ameketi chini, simu imebanwa sikioni, analia, "Basi ni nani aliniombea? Ni nani?"

Halafu mtu akapiga kelele, "Mutuletee huyo mwanamuke!" Na wengine wakaitikia, kwa wimbo ule ule.

Euphrasie alipenya, akaingia, akafungua kasho. Marcellin alikuwa amesimama chini ya kidirisha. Alikuwa amesikia yote.

"Ule mama wa pa mulango," alisema.

"Ni yeye."

"Mama yangu alipokufa, ni yeye?"

"Ni yeye."

"Na picha yangu, na ile maneno chini yake?"

"Ni yeye pia."

Alikaa chini tena. "Sasa nimuchukie nani, Mama, na nimulilie nani?"

"Simama, tutoke," alisema Euphrasie.

Walipotokeza mlangoni, kijana motari aliyevaa kofia yenye jina la Shekinah aliruka mbele, akanyanyua simu, akajibana kando ya Marcellin.

"Kaka Marcellin! Selfi moja! Wasalimie mafan! Sema, 'Mungu ni mwaminifu!'"

Mikono yake ilikuwa inanuka petroli.

Euphrasie alimshika ukosi. "Asubuhi hii ulikuwa unataka kumchoma."

"Madame, sisi tulidanganywa. Ni ukurasa ulisema."

"Ukurasa haukubeba petroli. Ukurasa haukupasua huu mlango. Ukurasa hauna mikono, weye njo uko nayo!"

Alimvuta ndani, akamsukumia katika kasho, na akafunga kufuli. Nje, simu zote ziliinuka kupiga picha hiyo.

Marcellin alikataa kupanda pikipiki ya mtu yeyote. Alishika njia ya Walikale kwa miguu, koti limefunika uso, polisi mmoja ubavuni mwake. Nyuma yao, mbali kidogo, watu walikuwa wakimfuata, wakiliita jina lake kwa upendo.